Ziwa Lililokataa Kupungua

Nyinyi vijana mnaosomea mambo ya maji mna tabia moja. Mkifika kwangu hapa Lanet mnauliza zamani ziwa lilifika wapi, na nikishawaonyesha kwa bakora yangu, mnachomoa simu kuangalia kama mzee anadanganya. Sawa, angalieni tu, sikasiriki. Lakini mjue kwamba baadhi ya namba mnazosoma humo niliziandika mimi, kwa kalamu ya wino, nimevaa shati lililopigwa pasi na nywele nimezigawa kwa mstari kama mtu wa maana. Na kuna mwaka mmoja ambapo namba zangu zilikuwa upuuzi mtupu, na karibu zimfukuzishe mtu kwake.

Kazi yangu miaka hiyo ya hamsini ilikuwa karani wa vituo. Ofisi yetu ilikuwa Nakuru, nyumba ya bati nyuma ya stesheni ya reli, chumba kimoja cha makaratasi na kingine cha chupa. Tulikuwa na vituo sita. Vinne vilikuwa vya maziwa: Nakuru, Elmenteita, Naivasha na Baringo. Viwili vilikuwa vya mvua, Dundori na Elburgon, kwa sababu mkubwa wetu alitaka kujua mvua ya milimani inachukua siku ngapi kuteremka hadi ziwani. Kila kituo kilikuwa na msomaji. Usifikiri alikuwa akisoma vitabu. Alikuwa akisoma fimbo, yaani ubao mrefu uliochorwa namba na kusimamishwa majini. Kila asubuhi anatazama maji yamefika namba gani, anaandika kwenye daftari, anajaza chupa, basi. Mwisho wa wiki madaftari na chupa zinanifikia kwa treni, kwa lori la mbao kutoka Elburgon, kwa gari la maziwa kutoka Dundori, na mimi nakusanya yote na kuyanakili kwenye karatasi moja safi, kisha madaftari yanarudi kwa wenyewe.

Mnacheka neno kunakili. Ningependa kuwaona nyinyi mkipambana na mwandiko wa msomaji wa Baringo. Kuku akipita kwenye majivu anaandika vizuri zaidi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu aliyetolewa pwani, ambako alikuwa akisimamia vituo vya utafiti wa bahari, kimoja hapa, kingine pale, mpaka karibu na mpaka wa Tanganyika. Sisi tulimwita Bwana Chupa, kwa sababu hakuna siku uliyomwona bila chupa mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alikuja bara na bahari yake kichwani. Hata fomu alizoleta zilikuwa za bahari, makasha matatu, na akakataa katakata zisitupwe. Zilikuwa na safu ya maji kujaa na safu ya maji kupwa, mambo ambayo ziwa la kwetu halijui. Akasema hizo mbili ziachwe wazi, nami nikawaandikia wasomaji wote waziache wazi. Yule wa Baringo alizijaza zote mbili kila siku kwa miezi minne. Nilipomwuliza anapata wapi maji kupwa katika ziwa lisilopwa, akaniambia aliona aibu kurudisha karatasi yenye nafasi tupu, watu wa Nakuru wangedhani huko kwao hakuna maji.

Lakini Bwana Chupa alinifundisha kazi, na sitamnyima hilo. Alinifundisha kusuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale utakayoyachukua, ili usije ukapima sabuni ya mke wako. Alinifundisha kuziba kizibo kwa nta ya mshumaa, na kuandika jina la kituo kwa penseli, kwa sababu magadi ya Ziwa Nakuru yanakula wino ukiangalia. Kuhusu fimbo alikuwa mkali zaidi. Uiname mpaka jicho lako liwe sawa na maji, usisome ukiwa umesimama kama mkaguzi wa shule. Kama kuna mawimbi, usubiri, uone yanapopanda na yanaposhuka, ndipo uchukue katikati. Mimi nilikuwa nikiinama mbele yake na kusimama akiondoka, mpaka siku aliyonivizia kwa darubini ya kuhesabia ndege.

Na kusafirisha hizo chupa kulikuwa na mambo yake. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, njiani vizuizi kila mahali, na bila pasi, ile karatasi ya ruhusa, hutoki hata kwenda kununua kiberiti. Siku moja tukiwa na kasha la chupa za Ziwa Nakuru tulisimamishwa na askari mmoja aliyekuwa na uhakika kwamba nimebeba pombe ya chang'aa. Nikamweleza ni maji ya utafiti. Akaniambia watu wote wenye chang'aa husema hivyo. Akang'oa kizibo, akapiga funda moja kubwa. Jamani, mmewahi kuyaonja yale maji? Yana magadi, yana mavi ya heroe, wale ndege wekundu wa ziwani, na siku tatu yamekaa ndani ya chupa kwenye joto. Yule askari alitema mpaka machozi yakamtoka, na tangu siku hiyo akiona gari letu tu, anainua kizuizi tukiwa bado mbali.

Sasa tuje kwenye hilo kosa. Nimezunguka sana kwa sababu, kusema kweli, silipendi.

Mwezi ule nilikuwa nimepandishwa cheo. Zamani nilikuwa karani tu, sasa nikawa karani mkuu, ingawa chini yangu hakukuwa na karani mwingine. Nilinunua kalamu yenye mfuniko wa dhahabu ya uongo na nikaanza kutembea polepole. Ndipo Bwana Chupa akaniandikia maelezo ya kuwapelekea wasomaji kuhusu fimbo mpya. Alisema ukichagua mahali pa kuisimamisha mara ya kwanza, chagua penye kina cha kutosha, ili maji yakishuka sana isibaki nje. Yalikuwa maneno mazuri na ya wazi. Mimi nikaona hayana nguvu. Nikayaweka kando na kuandika ya kwangu kwa Kiswahili: kuanzia leo fimbo ya kupimia isionekane kwenye nchi kavu hata siku moja, na msomaji ambaye fimbo yake itakutwa kavu atajibu mwenyewe. Nikapiga mhuri mara mbili. Bwana Chupa hakuiona barua hiyo, wala sikumwonyesha.

Kwenye vituo vingine haikuleta madhara. Fimbo ya Naivasha ilipigiliwa kwenye nguzo ya gati, ya Nakuru ilijengewa kwa saruji, na yule wa Baringo alifungia barua yangu tumbaku. Pabaya palikuwa Elmenteita, kwa sababu huko tulikuwa na msomaji mtiifu.

Huyo aliitwa Mzee Chepkwony. Alikuwa amepigana vita vya Wazungu kule ng'ambo, na ndiko alikojifunza kuandika namba. Herufi alizijua chache, lakini namba zake zilisimama kwenye mstari kama askari kwenye gwaride. Alikaa kando ya ziwa, kwenye ardhi ya shamba la Mzungu mmoja, na ile kazi yetu ndiyo iliyompa ruhusa ya kukaa pale na mke wake Mama Chebet na kulisha ng'ombe wake watano. Hilo mlishike vizuri. Bila kazi, hakuna ruhusa. Bila ruhusa, unachukua mke na ng'ombe unaondoka, na mahali pa kwenda unajua mwenyewe. Siku hizo hata barabarani mtu na ng'ombe watano hakuwa na haki ya kusimama.

Kukaja kiangazi, halafu kiangazi kingine juu yake. Kule Dundori msomaji wa mvua aliandika sufuri mpaka akaniuliza kama anaweza kuniletea karatasi moja tu kwa mwezi mzima. Naivasha ikashuka. Nakuru ikashuka. Elmenteita haikushuka. Inateremka kidole kimoja au viwili, halafu ghafla inarudi pale pale ilipokuwa. Mimi nikanakili bila kujiuliza. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kwenye daftari la Mzee Chepkwony, pembeni, siku zile maji yaliporudi juu, palikuwa na alama ndogo ya msalaba. Nikadhani mzee ameokoka. Nikamfurahia moyoni, na kwenye karatasi yangu safi nikaiacha misalaba nje, kwa kuwa fomu haikuwa na safu ya dini.

Bwana Chupa alizitazama hizo namba akaruka kwa furaha. Kwa hesabu yake, ziwa lisilopungua wakati wa ukame lazima lina chemchemi kubwa chini yake. Akawaandikia wenzake wote wa pwani, wale wa bahari waliokuwa wakimcheka kwamba amepelekwa bara kupima madimbwi, akawaambia amegundua jambo. Halafu Jumapili moja akaenda kula kwa jirani mmoja Mzungu wa Gilgil, na yule jirani akamsimulia mezani, mbele ya watu, jinsi Elmenteita ilivyokauka mpaka sasa anapita na farasi mahali alipokuwa akipiga bata. Nasikia Bwana Chupa hakumaliza nyama yake.

Jumatatu aliingia ofisini na neno moja tu, kwamba yule mzee anakaa kitandani anabuni namba. Mimi nikakubali kwa kichwa. Ndiyo, nilikubali. Tukapanda landrova tukaenda.

Mama Chebet alituona tukifika akadhani ni wageni wa heri. Kabla hatujasema lolote alinitilia kibuyu cha mursik mikononi, maziwa yaliyolala vizuri, akasema ni ya njiani. Mzee Chepkwony alikuwa amevaa koti lake la jeshi. Akatuongoza kwenda majini, na hapo ndipo nilipoona. Ufuko wa zamani ulikuwa karibu na boma lake, na kutoka hapo mpaka kwenye maji palikuwa na uwanda mweupe wa magadi, mpana hata wa kuchezea mpira. Fimbo yetu ilikuwa imesimama huko mbali, wima, ndani ya maji, safi kabisa. Na kutoka ufuko wa zamani mpaka kwenye hiyo fimbo kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, moja baada ya jingine, kumi na moja, yamepangwa kwa mstari. Kila jiwe lilikuwa mahali fimbo iliposimama zamani. Kila maji yalipomkimbia, mzee aliing'oa fimbo akaifuata nayo, akaisimamisha mpaka maji yafike kwenye namba ya kawaida, akaweka jiwe kwenye shimo la zamani na msalaba kwenye daftari.

Nikaikumbuka barua yangu, kila neno, pamoja na mihuri miwili.

Bwana Chupa Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza samaki tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Akaniambia nimwulize mzee ni nani aliyemwambia ahamishe fimbo. Nikamwuliza. Mzee Chepkwony hakumtazama Bwana Chupa hata kidogo. Alinitazama mimi, kalamu yangu ya dhahabu mfukoni, na nadhani aliona kila kitu kilichokuwa usoni mwangu.

“Mwambie ni akili yangu,” akasema. “Nilifikiria mwenyewe.”

Na mimi nikageuka, nikamwambia Bwana Chupa kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba mzee anasema ni akili yake mwenyewe. Bwana Chupa akasema basi, kazi imekwisha, mwisho wa mwezi awe ameondoka na ng'ombe wake. Hilo nalo nikalitafsiri. Sauti haikutetemeka, vijana, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Mzee akapiga saluti. Mama Chebet alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza kwa ishara ya mkono wamesema nini, nami nikajifanya natafuta njia ya gari.

Kwenye landrova nilikipakata kile kibuyu kwa sababu hakikuwa na mahali pa kusimama. Barabara ilikuwa mbovu na kila tukiruka, kinanipiga tumboni. Tulipita Kariandusi. Nilikuwa na mke Nakuru na mtoto wa miezi mitatu, na nyumba ya kazi ya chumba kimoja, na nilijiambia kwamba mzee amesema mwenyewe, mimi ni nani nimpinge mzee. Nilijiambia pia kwamba ana ng'ombe watano na mimi sina hata kuku. Unaweza kujiambia mambo mengi ndani ya gari. Lakini harufu ya yale maziwa ilikuwa imejaa humo ndani, na nikawaza jinsi yule mama alivyokifunika kibuyu vizuri kisimwagike njiani kwa ajili yangu. Tulipofika Mbaruk, nusu ya njia ya kurudi Nakuru, nikamwambia Bwana Chupa asimamishe gari. Akasimama haraka, akidhani nataka kutapika.

Nikamwambia yote. Barua, maneno niliyoyaacha, maneno niliyoyaongeza, misalaba niliyoiacha nje. Alishika usukani akatazama punda waliokuwa wakivuka mbele yetu. Akaniuliza kama mhuri uliopigwa ulikuwa wa ofisi yake. Nikasema ndiyo, mara mbili. Hakutukana. Aligeuza gari pale pale barabarani.

Tulimkuta mzee anang'oa nguzo za zizi. Hakungoja mwisho wa mwezi, alishaanza kazi, kwa sababu amri ni amri. Bwana Chupa akanisimamisha mbele yake, akaniambia niseme kwa Kiswahili, na niseme kwa sauti Mama Chebet asikie pia. Nikasema. Halafu Bwana Chupa akaomba lile daftari, akaona misalaba kwa macho yake, akaenda kwenye jiwe la kwanza akapiga magoti kwenye magadi na suruali yake nyeupe. Tulipima mawe yote kumi na moja kwa pima maji na kamba, mimi nikishika upande mmoja na mzee upande mwingine, na kila jiwe likatuambia ziwa lilikuwa limeshuka kiasi gani siku gani. Hakuna namba hata moja iliyopotea. Zile mnazosoma kwenye simu za mwaka ule zilitoka kwenye mawe ya mzee huyo, wala si kwenye karatasi zangu safi.

Mimi nilivuliwa ukarani mkuu, nikawa karani mkuu wa nafsi yangu kwa mwaka mzima. Na adhabu nyingine ilikuwa kuandika kwa mkono wangu barua za kwenda pwani, kwa wale wote walioandikiwa, kuwaarifu kwamba chemchemi haipo. Bwana Chupa alizitia sahihi moja moja bila kuniangalia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, baada ya kupima, tulirudisha nguzo za zizi sote watatu, kisha Mama Chebet akapika chai. Bwana Chupa alikuwa nje anaosha magoti. Nikamwuliza mzee kwa nini hakusema ukweli, wakati barua yangu alikuwa nayo. Akapapasa koti lake la jeshi, akaitoa ikiwa imekunjwa vizuri, na mihuri yote miwili ikionekana. Ilikuwa mfukoni muda wote tuliokuwa tumesimama kule majini.

“Wewe ulikuwa na mdomo,” akasema. “Nilingoja uutumie.”

Nikamwambia niliogopa. Nikamwambia nisamehe, na nilikuwa nalia kidogo, sioni haya kuwaambia. Akaendelea kumimina chai kana kwamba hajaona.

“Ulimwambia mkiwa wapi?” akaniuliza.

“Mbaruk.”

Akageuza kichwa akaitazama barabara, taratibu, kama mtu anayeitembea kwa miguu na mke wake na ng'ombe watano.

“Mbaruk ni mbali,” akasema, na akanipa kikombe changu.